Maswali yenu: sanaa ya maumbo kwenye kompyuta

Nataka kuanza kuchora maumbo dhahania lakini sina hela ya programu. Nitumie nini?

Inkscape. Ni ya bure na inatumia vekta: umbo huhifadhiwa kama hesabu, si kama vidoti vya rangi. Duara dogo ukilikuza lijae ukuta, ukingo wake unabaki laini. Krita nayo ni ya bure, ila hiyo ni ya wapenda brashi.

Miraba yangu yote imenyooka kwenye gridi, hakuna kosa, lakini picha imepooza. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna kosa. Jicho likishaijua kanuni, halina tena cha kutafuta, linaondoka.

Itafute kazi ya Mjerumani Georg Nees ya mwaka 1968, iitwayo Schotter. Ni miraba tu, 12 kwa kwenda kulia na 22 kwa kushuka, mistari mitupu bila rangi. Juu imepangika vizuri. Ukishuka, mmoja unainama kidogo, jirani yake anasogea, na kufika chini ni vurugu tupu. Siri ni kwamba bahati nasibu ya kompyuta imepewa mipaka, na mipaka hiyo inalegezwa safu baada ya safu.

Inkscape ina zana ya kutoa nakala kwa safu, na ndani yake unaweza kuamuru kila nakala izunguke kwa kubahatisha. Anza na asilimia ndogo sana. Tena vuruga kitu kimoja tu: ukigusa mzunguko, acha rangi na unene wa mstari vilivyo. Wengi huvuruga vyote kwa pamoja, halafu wanashangaa picha imegeuka kelele. Msanii Vera Molnár, aliyeanza kutumia kompyuta mwaka huohuo wa 1968 jijini Paris, alirudia miraba kwa miongo kadhaa na hakuichoka.

Pembetano zangu hazikubali kubanana, kila mara panabaki pengo. Nifanyeje?

Hazitakubali kamwe. Kona ya pembetano iliyo sawa pande zote ni nyuzi 108. Tatu zikikutana unapata 324, na mzunguko kamili ni 360, hivyo zinabaki 36. Pembesita ina 120, ndiyo maana tatu zinafunga kabisa. Lakini mimi nisingelikimbia pengo hilo. Lijaze kwa rombasi (umbo la pande nne zilizo sawa, lililolala upande) nyembamba yenye ncha ya nyuzi 36 na utapata mchoro mzuri kuliko ule uliokuwa ukiutaka.

Maumbo mawili yamegusana barabara, lakini katikati naona kauzi keupe. Kametoka wapi?

Kompyuta hulainisha kila ukingo peke yake kwa kuufanya upitishe mwanga kidogo, hivyo rangi ya nyuma inachungulia. Umbo la chini lirefushe kidogo liingie chini ya mwenzake. Kauzi kataisha.

Bluu yangu ya kung'aa imechapwa ikatoka imefifia. Printa mbovu?

Huenda ni nzima. Skrini hutoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Printa hupaka wino, na zipo bluu na kijani ambazo wino wa kawaida haufikii. Muulize mchapaji anataka faili la aina gani, kisha mwombe akuchapie kipande kidogo chenye rangi zako zote kabla ya kazi nzima. Chagua bluu kwenye karatasi hiyo, si kwenye skrini.