Muulize Fundi: Hesabu za marehemu baba zimegoma kwenye laptopu mpya

SWALI: Shikamoo mzee. Nimerithi duka la vifaa vya ujenzi la marehemu baba hapa Tanga. Madeni ya mafundi, stoo na ankara, vyote vimo kwenye programu ya skrini ya buluu aliyoandikiwa miaka ya tisini, na aliyeiandika hapatikani tena. Kompyuta yake ya Windows XP sasa inajizima ovyo. Nimenunua laptopu ya Windows 11, nikahamisha folda yote kwa flashi, lakini nikibofya naambiwa programu haiwezi kufunguka kwenye kompyuta hii. Nimeiambia Windows ijifanye XP, wapi! Kuna fundi anataka nimlipe anipigie Windows 7. Nimpe?
Mrithi wa duka, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usimpe. Programu yako ni ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows kuenea, yaani ya biti 16 (biti hapa ni kipimo cha data ambayo kompyuta huishughulikia kwa mkupuo mmoja). Windows za biti 32, XP ya baba ikiwemo, zilikuwa na sehemu maalumu ya kupokea programu za DOS. Windows za biti 64 hazina sehemu hiyo, na Windows 11 haikutolewa kabisa kwa biti 32. Kuiambia ijifanye XP ni kumvika mgeni kanzu ukitaraji aanze kusoma Kiarabu. Huyo fundi wako akikupigia Windows 7 ya biti 64, utagomewa vilevile, tena huenda hata kipanya cha laptopu mpya kisifanye kazi.

Kabla ya laptopu, shughulikia ile kompyuta mbovu. Usiiwashe kila siku kuuzia. Iwashe kwa ajili ya kunakili tu, huku programu imefungwa. Weka nakala mbili, moja isikae dukani. Ikikataa kuwaka, diski yake inaweza kuwa nzima kabisa: ichomoe, na kama ni ya waya bapa mpana wa pini 40, mafundi wana adapta ya kuichomeka kwenye USB.

Sasa chungulia ndani ya folda. Faili zinazoishia na .DBF ndizo mali yenyewe, majina na madeni yamo humo. Zikiambatana na .NTX, basi programu iliandikwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu iliyopendwa sana na waandishi wa programu za maduka enzi hizo. Chukua nakala ya DBF moja uifungue kwa LibreOffice Calc, uone kama Juma wa mabati bado anadaiwa. Ukimwona, usingizi utakuja. Funga bila kuhifadhi.

Ya kuendeshea programu ni DOSBox-X, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows. Ipo DOSBox ya kawaida pia, lakini hiyo ililenga michezo, na wewe unahitaji kuchapa. Itafute ile faili ya .BAT, yaani yenye orodha ya amri za kuwashia programu, ambayo baba alikuwa akibofya, uifungue kwa Notepad. Ikiwa imeandikwa CD \HESABU, programu inategemea kuikuta folda hiyo juu kabisa ya diski C. Kwa hiyo tengeneza C:\ZAMANI kwenye laptopu, weka HESABU ndani yake, kisha kwenye DOSBox-X andika:

mount c c:\zamani
c:

Hapo programu itaamini iko kwenye C yake ileile. Kama BAT ina mstari unaoanza na SET CLIPPER, usiufute.

Kuhusu printa, programu inatuma ankara LPT1, yaani tundu la printa la kompyuta za zamani, na laptopu haina tundu hilo. Zile kebo za kutoka USB kwenda kwenye printa ya zamani hazitengenezi LPT1. Windows inaziona kama printa ya USB. DOSBox-X ina printa ya kuigiza, ya aina ya Epson, inayopokea kinachokwenda LPT1 na kukipeleka kwenye printa ya Windows. Washa hiyo kwenye mipangilio yake, uanze na ankara moja ya majaribio.

Ila tazama nyuma ya kompyuta ya baba. Ukikuta kiplagi kidogo kimechomekwa kwenye tundu la printa, hicho ni kifunguo cha kuzuia wizi wa programu, na huenda DOSBox-X isikubalike. Hapo tafuta deskitopu ya mtumba yenye tundu hilo, ipigwe XP, na isiunganishwe na intaneti kamwe. XP iliachwa bila matengenezo tangu Aprili 2014.

SWALI: Nimesasisha Mac yangu, na programu ya zamani ya kuchora ramani za nyumba sasa ina alama ya katazo juu yake. Nimeharibu nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hujaharibu kitu. Tangu Catalina, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2019, Mac haziendeshi programu za biti 32. Kama Mac yako ni ya Intel na ilinunuliwa kabla ya Catalina, inaweza kurudishwa kwenye Mojave, toleo lililotangulia Catalina. Nakili kazi zako kwanza, kwa kuwa diski itafutwa. Kama ni ya chipu ya Apple, M1 au zaidi, Mojave haiingii, na Rosetta 2, kitafsiri cha programu kilichomo ndani ya Mac hizo, hutafsiri programu za Intel za biti 64 tu. Itabidi umuulize mtengenezaji kama ana toleo jipya.