Nilisomwa jicho, nikaambiwa ini limejaa sumu

Kwa muda mrefu nilikuwa nachoka hovyo. Nikipanda ngazi chache tu, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Rafiki yangu akanipeleka kwa mtaalamu wa iridolojia, anayesoma afya kwa kutazama lile duara la rangi linalozunguka mboni. Alinimulika kwa tochi, akapiga picha, akaikuza kwenye kompyuta. Nyuzinyuzi zikaonekana kama mizizi iliyooshwa. Akagusa kidoa cha kahawia kwenye jicho la kulia: "Hapa ni ini. Limejaa sumu."

Niliamini, na simlaumu anayeamini. Mtu amekaa nawe muda mrefu, anakusikiliza, hakuchomi sindano. Nikanywa dawa za kusafisha ini miezi mitatu. Uchovu ukazidi.

Daktari niliyemwendea baadaye naye alianza na jicho. Alivuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akatazama utando wa ndani, akasema umepauka mno. Damu ikapimwa: hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa 7, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ini lilikuwa zima. Kilichokuwa kinanimaliza ni hedhi nzito, na yule wa kwanza hakuwahi kuniuliza habari zake.

Kwa hiyo sisemi jicho halionyeshi ugonjwa. Manjano huonekana kwenye weupe wa jicho, na madhara ya kisukari huonekana nyuma kabisa, kwenye retina. Lakini ramani ya kugawa lile duara vipande, hiki cha figo, kile cha ini, asili yake ni daktari wa Hungaria wa karne ya 19, Ignaz von Peczely, ambaye husimuliwa kwamba aliona alama kwenye jicho la bundi aliyevunjika mguu. Nyuzi za duara hilo hubadilika kidogo mno maishani, ndiyo maana mashine hutumia jicho kumtambua mtu. Mwaka 1979 watafiti Marekani walichapisha jaribio la picha za macho ya watu 143, wenye ugonjwa wa figo na wasio nao. Wasomaji jicho hawakuweza kuwatofautisha. Mmoja wao aliwaona asilimia 88 ya wazima kuwa ni wagonjwa.

Kama umeshaambiwa figo au ini lako ni bovu, usianze kunywa kitu. Nenda maabara ukapime damu kuangalia kiungo hicho hicho ulichotajiwa. Dawa za hospitali usiziache hata siku moja kwa ajili ya picha. Na ukiambiwa u mzima huku mwili unakataa, hapo ndipo uharakishe zaidi, tafadhali, kwa sababu anayetulizwa huchelewa.

Mimi nilimeza vidonge vya madini ya chuma, hedhi ikatibiwa, ngazi nikazipanda tena bila kusimama. Ile picha bado ninayo kwenye simu. Juzi nilipiga nyingine nikazilinganisha: kidoa kiko palepale.