Dawa ya mitishamba inatoa povu: nitie kihifadhi kiasi gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Natengeneza dawa ya kikohozi kwa majani ya mkaratusi, tangawizi na asali, nauza hapa Newala. Baada ya wiki mbili chupa inavimba, ukifungua inatoa povu. Muuza dawa mmoja wa stendi ameniambia nichemshe zaidi halafu nitie kihifadhi kiitwacho sodiamu benzoeti. Kijiko kimoja kwa lita ngapi?

JIBU: Marahaba mama. Usitie hata nusu kijiko. Hiyo dawa imechacha. Asali peke yake haichachi kwa sababu maji yake ni machache, chini ya asilimia 20 hivi. Ukiizimua kwa maji ya majani, hamira zilizolala ndani yake zinaamka. Mwaga chupa zote, hata zile wateja wanazosifia kuwa "zimekolea".

Sodiamu benzoeti hufanya kazi vizuri kwenye kitu kichachu tu, yaani pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) isizidi 4.5 hivi. Anayekupimia kwa kijiko bila kuuliza pH hajui anachokiuza.

Ila kinachonikera, na nakisikia kila mara huku Mtwara na Lindi, ni imani kwamba kihifadhi kinalinda dawa. Hakilindi! Kinazuia vijidudu, basi. Kiini cha dawa kinaharibiwa na joto, mwanga, maji na hewa, na chupa inaweza kubaki safi, ladha ileile, dawa haimo. Angalia sufuria yako: ile harufu kali inayojaa jikoni ndiyo mafuta ya mkaratusi yenyewe, yanaondoka na mvuke. Chemsha saa nzima bila mfuniko, utabaki na maji ya kahawia. Tu Youyou wa China alifanikiwa kupata dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia alipoacha kuchemsha na kutumia etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Halafu mtu anakwambia "chemsha zaidi"!

Wewe chemsha tangawizi, epua, ndipo utie majani na ufunike. Tengeneza ya kutumika siku hiyohiyo. Ukitaka ikae miezi, hiyo ni kazi ya maabara: sharubati ya dawa huwa na sukari karibu theluthi mbili ya uzito wake, na kiini hupimwa tena na tena dawa ikiwa imewekwa kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6. Tarehe ya mwisho wa matumizi inatokana na vipimo vya namna hiyo. Haitokani na kalamu ya mtu aliyejaza chupa ya maji iliyookotwa na kuandika "miaka 2".

Kwa hiyo nawaambia na wanunuzi: ulizeni usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na jina la maabara iliyopima. Akianza kusema "ya asili haina madhara", ondokeni. Mafuta ya mkaratusi yakizidi humletea mtoto degedege, na asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1, hata kwa kulamba.