Sansho haitaki kusumbuliwa mizizi

Mche wangu wa kwanza wa sansho, mti mdogo wa kiungo cha Kijapani, ulikufa mwezi wa Agosti. Kila jioni niliumwagilia. Majani yalipoanza kulegea nikadhani una kiu, nikazidisha maji. Mavyaa alipouchimbua, mizizi ilikuwa imeoza. Akanionyesha palipokuwa na kosa: udongo mzito, maji yametuama.

Naishi Wakayama, mkoa unaoongoza Japani kwa zao hili. Kwa waliokulia pwani, sansho ni ndugu wa mjafari, na wote wamo katika ukoo wa ndimu na machungwa. Nilipofikicha jani lake mara ya kwanza, ile harufu ya undimundimu ilinirudisha nyumbani. Miiba nayo ipo, miwili miwili, ingawa aina iitwayo Asakura haina.

Porini hukua chini ya miti mikubwa, basi uige msitu. Utafutie mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, udongo wenye mboji usiotuamisha maji. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo jembe lisipite karibu. Magugu ng'oa kwa mkono, kisha tandaza majani makavu au nyasi. Kiangazi usiuache ukauke kabisa. Chagua mahali mara moja tu, maana hauvumilii kuhamishwa. Ikikulazimu, ngoja majira ya baridi, majani yakishapukutika.

Ukitaka matunda, nunua mche jike uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Dume hutoa maua tu (nayo huliwa). Kagua majani kila siku: vipepeo hutaga mayai humo, na viwavi wachache huumaliza mche mdogo. Wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, usidanganyike.

Aprili huchumwa majani machanga, kinome. Weka jani kiganjani, lipige kwa kiganja cha pili mara moja, kisha uliweke juu ya machipukizi ya mianzi yaliyopikwa. Bila kupigwa, harufu haitoki vizuri.

Lakini mimi nangojea Juni, wakati wa matunda mabichi. Lichome tunda kwa ukucha: mbegu ikiwa bado laini na nyeupe, chuma leo, usingoje wiki ijayo. Kutoa vikonyo ni kazi ya kukaa kitako. Mimi na mavyaa huifanya barazani na huko ndiko nilikojifunza nusu ya Kijapani changu. Chemsha mpaka tunda libonyee kati ya vidole, kama dakika tano, halafu loweka kwenye maji baridi kwa saa moja. Onja. Ulimi ukifa ganzi kupita kiasi, badilisha maji, uloweke tena. Yachuje, yakaushe kwa kitambaa, yagandishe. Yatakufikisha mwaka mwingine. Mimi huyapika na vidagaa vidogo, mchuzi wa soya na sukari kidogo mpaka rojo likauke, nikala na wali mweupe.

Yaliyobaki mtini huiva mekundu na kupasuka. Hapo kinachotakiwa ni ganda. Anika, toa mbegu nyeusi zote, maana hutafunika kama mchanga, kisha twanga kiasi cha mlo mmoja tu. Unga uliolala hupoteza harufu, na samaki mkunga wa kuchoma anataka uliotwangwa sasa hivi.