Kubadilisha kasha tu hakutoshi

Je, ukibadili umbo la nje la sigara ya kielektroniki iliyobuniwa na mwingine, unakwepa kesi ya kuvunja hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake? Hapana. Kubadili huko kunakuepusha na hataza ya muonekano tu, ambayo Marekani hudumu miaka 15 tangu itolewe. Hataza ya utendaji huangalia ndani ya kifaa na hudumu miaka 20 tangu ombi lipelekwe. Soma madai yake, yaani sehemu inayotaja kinacholindwa, kipengele kwa kipengele: betri, kihisi kinachotambua unapovuta, koili ya kupasha, utambi, njia ya hewa. Kikikosekana kimoja, kwa kawaida hujaivunja. Ila ukiweka mbadala unaofanya kazi ileile kwa namna ileile, bado unaweza kuonekana umeivunja, na hapo ndipo wengi hunasa.

Wazo la msingi ni la wote, maana hataza ya Mmarekani Herbert Gilbert ya 1965, ya sigara isiyo na moshi, iliisha zamani. Hataza za Hon Lik, Mchina aliyebuni sigara ya kielektroniki ya kisasa, ndizo zilizonunuliwa na kampuni ya Uingereza ya Imperial Tobacco mwaka 2013 kwa dola milioni 75, na mwaka uliofuata kesi zikamiminika.

Kutengenezea Shenzhen, China, nako si kinga. Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani huweza kuzuia mpakani mzigo unaovunja hataza. Mwaka 2021 ilizuia hata IQOS, kifaa cha kupasha tumbaku.