Maswali na Majibu: Namba 4,294,967,297

Wiki iliyopita niliitaja namba hii bila maelezo, na maswali yamemiminika. Nayajibu machache.

Mwalimu, inasomwaje kwa Kiswahili?

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba.

Imetoka wapi?

Andika 2 mara 32, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliamini kwamba namba za ukoo huu, ambamo 2 huandikwa mara 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kabla ya kuongeza 1, zote ni namba tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na zenyewe: 3, 5, 17, 257, 65,537. Hizo tano ni tasa kweli. Yetu ndiyo ya sita.

Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 haiingii. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Nimejaribu 7, 11 na 13, zote zimegoma. Si tasa hiyo?

Umeanza vizuri sana, mwanangu, ila umesimama mapema. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alipata kigawo chake mwaka 1732. Alitambua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Kwa hiyo 7, 11 na 13 hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Anza: 65, 129, 193, 257, na kuendelea. Tupa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano inaingia bila baki! Bila njia hiyo ungepitia namba tasa 115 kabla ya kuigusa 641.

Hakikisha kwa kalamu. Chukua 6,700,417, ambayo ndiyo jibu la kuigawa namba yetu kwa 641. Mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni yenyewe. Jumlisha hizo tatu uone. Mimi hunisisimua kila ninapoirudia.

Vigawo vyake ni vingapi?

Vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Ina sifa nyingine?

Ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili: mraba wa 65,536 na wa 1, tena mraba wa 62,264 na wa 20,449. Namba tasa haikubali zaidi ya njia moja, kwa hiyo hata hapo ingejulikana kuwa si tasa.

Na zinazoifuata katika ukoo huo?

Baada ya 65,537 haijapatikana tasa nyingine hata moja.