Maswali ya Wasomaji: Kuzikwa bila Kuidhuru Ardhi

Swali: Mama yangu ameagiza azikwe kwa njia isiyochafua mazingira. Je, maziko hayo yana tofauti gani na ya kawaida?

Jibu: Ni mazungumzo mazito, lakini heri yafanywe mapema. Katika maziko hayo, yaitwayo maziko ya asili, mwili hautiwi dawa ya kuuhifadhi, ambayo aghalabu huwa na formalini, kemikali yenye sumu. Huvikwa sanda ya pamba au huwekwa katika jeneza la mbao zisizopakwa vanishi, na kaburi halijengewi kwa saruji. Mara nyingi kaburi hilo haliwi na kina kirefu, kwa kuwa udongo wa juu ndio wenye hewa na vijidudu vinavyouozesha mwili upesi. Ukiushika udongo huo mkononi utauona mweusi, umejaa vijizizi na minyoo. Eneo la maziko ya namna hii lilifunguliwa Carlisle, Uingereza, mwaka 1993, ambako hupandwa mti badala ya kusimamishwa jiwe. Kwa maoni yangu, agizo la mama yako linastahili kuheshimiwa. Muulize ni mti gani angeupenda, kisha ulizeni mamlaka husika kuhusu kina kinachoruhusiwa na umbali kutoka kwenye visima.